Shemeji Aliyetoka Kwenye Simu

Jumatatu alasiri, Bibi alikuwa anapanga mikate kwenye trei pale mwanamume wa kwenye video aliposukuma mlango wa duka akaingia. Alikuwa mumewe kabisa: ndevu zilezile zenye unga, aproni ileile iliyoungua pindo. Mumewe naye alikuwa palepale, anakanda. Bibi akajitanda mtandio vizuri, maana sura ni ya mume lakini ndoa hawakufunga, akamvutia stuli.

"Karibu, shemeji."

"Allahu akbar," akajibu mgeni, kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na njia.

Si kwamba hakuwa na adabu. Hayo ndiyo maneno pekee aliyoachiwa. Wiki tatu nyuma mjukuu wao alipiga hatua yake ya kwanza humohumo dukani, na babu yake, ambaye mtaa mzima unamwita Babu Mikate, akarusha mikono juu akapaza sauti, "Allahu akbar!" Binti yao akarekodi, akawatumia mashangazi. Shangazi mmoja, ambaye tangu zamani hana kifua cha kuweka jambo, akawatumia wengine. Huko mbele mtu asiyejulikana akamwondoa mtoto kwenye video, akaacha mzee, sauti na moshi wa tanuri, kisha akaandika kwa herufi nyekundu: WANAKUJA.

"Tunakwenda wapi, na magoti haya?" aliuliza Babu Mikate alipoiona.

Lakini shule ya jirani, iliyochukua mikate kwao miaka kumi na miwili, ilisema isubiriwe kwanza, wazazi wameiona video. Bila shule, tanuri lile halikuwa na kazi ya kutosha hata ya asubuhi moja. Bibi alilijua hilo na lilimnyima usingizi.

Shemeji yeye alikuwa anazungushwa nchi na nchi kutisha watu wasiomjua, na kila alasiri alirudi hoi. Siku mbili zilitosha kumwelewa, kwani nani katika nyumba ile hakukulia kwenye maneno hayo mawili? Akiyavuta taratibu, anaomba chai. Akiyakata fupi, sukari imezidi. Mjukuu akimjia anayumbayumba, aliyasema kwa upole mpaka machozi yakamlenga Bibi. Na kwenye sala aliyasema kama watu wote, bega kwa bega na Babu Mikate. Bibi alimpenda, hilo hakulificha.

Alhamisi akaja mwalimu mkuu mwenyewe.

"Shikamooni, wazee," akasema, akiwatazama wote wawili, Babu Mikate na shemeji.

"Marahaba," akaitika Babu Mikate kwa niaba yao.

"Mimi nawajua, jamani. Nimekuja ili niwaambie wazazi kwamba nimeona kwa macho yangu." Akatoa daftari na kalamu. "Tuanze tena Jumatatu. Mikate sitini."

Moyo wa Bibi ukatua. Shemeji akafurahi kuliko wote. Akainuka, akashika kikombe kwa mikono miwili, akamnyooshea mwalimu.

"Allahu akbar!"

Mwalimu mkuu akaruka nyuma. Kalamu ikamdondoka, mkoba akaukumbatia kifuani. Mtoto akaendelea kuchezea unga.

"Amekukaribisha chai tu, mwanangu," Bibi akasema.

"Najua, mama. Wallahi najua," akasema mwalimu mkuu, ambaye hata si Mwislamu, na uso ulikuwa umemshuka kwa aibu. "Ni mwili tu umeshtuka."

Lakini hakuketi tena. Akaokota kalamu, akalirudisha daftari mkobani bila kuandika.

"Nikiruka mimi ninayewajua," akasema, "wazazi je?"

Jumatatu tanuri liliwashwa nusu. Alasiri shemeji akafika, ametazamwa na watu milioni mbili siku hiyo, akaketi pale alipozoea. Chai aliiomba kwa kidole.

Bibi akammiminia. "Sema tu, shemeji," akamwambia. "Hapa ni kwako."

Shemeji akatazama mlangoni kwanza.