Saumu Kabla ya Kukamua

Mama Mtindi aliyatema maziwa yetu palepale mlangoni pake, mbele ya wateja watatu, kisha akajifuta midomo kwa ncha ya aproni.

"Dada," alimwambia mama mkwe wangu, "ulimenya kitunguu saumu ukaenda kukamua bila kunawa?"

Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka kumi na saba, mmoja akileta maziwa ya mbuzi, mwingine akiyageuza mtindi, na kila asubuhi Mama Mtindi alionja kijiko kimoja kabla ya kupokea ndoo. Hakuwahi kurudisha hata tone. Siku ile mama mkwe aliinua kiganja chake, akakitazama, akakigeuza, akafunika ndoo. Mimi nilikuwa nyuma yake na ndoo ya pili. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, kwa sababu kile kitunguu saumu kilikuwa changu.

Ngoja nieleze vizuri, maana mimi na haraka tumezaliwa tumbo moja. Kiangazi kile mbuzi wetu watano wa maziwa walikonda mpaka mbavu zikahesabika. Ndoo mbili tulizozoea kupeleka zikawa hazifiki nusu. Mama, ambaye alifuga mbuzi tangu mume wangu hajaota meno, alisema mwezi ukiisha bila viwele kujaa atawauza wote. Alisema akiwa ameelekea ukutani. Tangu baba mkwe afariki, banda lile ndilo lililokuwa likimtoa kitandani asubuhi, na mimi nilimpenda yule mwanamke, japo ulimi wake ulikuwa wembe. Niliogopa kwamba mbuzi wakiondoka, na yeye ataondoka taratibu.

Basi nikaenda kwenye mafunzo ya bwana mifugo, siku tatu. Alikuwa mtu mwembamba, suruali kaichomeka ndani ya mabuti, na alizungumza na mbuzi kwa adabu kuliko alivyozungumza na sisi. Alitufundisha kukausha majani ya mlonge kivulini, kuyatwanga, kuyachanganya na pumba. Alitaja na kitunguu saumu kilichopondwa, kidogo tu, kwa mbuzi wenye matumbo mabovu. Niliandika yote. Siku ya tatu, ilipogonga saa tano, nikaona yamebaki maswali ya wazee tu, nikajiondokea zangu. Mjuaji mimi!

Nyumbani sikumwambia mama. Vitu kama hivyo alikuwa akiviita mchezo wa watoto, kupika kwa majani. Na alikuwa na utaratibu wake usiogusika: hori hujazwa kwanza, mbuzi anakula ametulia, yeye anakamua. Kwa hiyo nikawa namtangulia bandani, nachanganya unga wa mlonge kwenye pumba, naondoka kimya. Siku ya tisa, Kidevu, mbuzi wetu mwenye ndevu kuliko beberu, alitoa kikombe kizima zaidi. Mama aliinua kile kikombe akakitazama kwenye mwanga, akacheka peke yake. Mwenye akili zake angeshukuru akatulia. Mimi nikaenda nikaponda saumu, tena si kidogo, viganja viwili vimejaa, nikamwaga kwenye mahori yote.

Maziwa ya asubuhi ile ndiyo yaliyotemwa.

Tuliporudi, mama alisugua mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ya vidole ikakunjamana. Akasuuza ndoo kwa maji yanayochemka. Maziwa tukampa paka, naye akanusa, akatutazama, akaenda zake. Kisha mama akaketi kwenye benchi karibu na mlango wa jikoni.

"Kesho niitie yule mnunuzi wa mbuzi," alisema.

"Mama, si ulisema mwezi uishe?"

"Uishe uniongezee nini? Mikono yangu inachafua maziwa na mimi mwenyewe sijui." Akapeleka vidole puani. "Mwanangu, tangu yale mafua makali ya mwaka jana, sisikii harufu. Uji ukiungua, sijui. Nimekuwa nikijua iko siku nitaaibika, na leo imefika."

Mwaka mzima! Mwaka mzima tulikula naye, tulikaa naye, tukamtania kwamba anaunguza uji kwa sababu ya kuzeeka. Machozi yalinitoka kabla sijajua ninalia. Nikapiga moyo konde.

"Si mikono yako, mama. Ni mimi."

Nilimweleza yote, mlonge, saumu, viganja viwili, mpaka kule kutoroka mafunzo. Nilingoja anifokee. Kwa kweli hata mimi ningejifokea. Yeye aliniuliza swali moja tu.

"Ulikitia saa ngapi?"

"Alfajiri. Kabla hujakamua."

"Kabla!" Akapiga paja. "Kabla, jamani!" Akacheka, akacheka mpaka akajishika ubavu. "Nilipokuwa namnyonyesha huyo mumeo nilipata kikohozi, nikawa natafuna saumu. Akishika titi ananitazama kama nimemtukana, anaachia, analia. Mama yangu akaniambia, nyonyesha kwanza, tafuna baadaye. Sasa wewe umezaa wawili, hata hilo hukulijua? Mbuzi naye si mzazi?"

Akajifuta macho.

"Na kile kikombe cha Kidevu? Ni hayo majani?"

"Nadhani ndiyo, mama."

"Mimi nilijua ni dua zangu." Alitupa jicho bandani. "Tuseme tumegawana. Lakini ukinificha tena kitu kinachoingia tumboni mwa mbuzi wangu, nitakukamua wewe."

Mchana huohuo nilikwenda mwenyewe kwa Mama Mtindi, nikasema mbele ya wateja kwamba kosa lilikuwa langu na mikono ya mama haikuwa na doa. Nikapitia kwa bwana mifugo pia. Alinitazama kutoka utosini hadi unyayoni. "Kwamba saumu ni baada ya kukamua," alisema, "nililieleza siku ya tatu. Saa tano na nusu."

Mama hakuniuliza tena habari za mnunuzi. Siku mbili mbuzi walikula mlonge na pumba bila saumu. Asubuhi ya tatu niliingia bandani nikamkuta ameshamaliza kukamua. Kwa kawaida angefunika ndoo na kuondoka. Pale bandani maziwa yake hayakuwahi kuhitaji kuthibitishwa na mtu. Safari hii aliisukuma ndoo kwangu kwa mguu.

"Nusa."

Nikapiga magoti kwenye majani nikanusa. Povu lilinigusa ncha ya pua.

"Yananukia nini?"

"Maziwa, mama."

"Maziwa na nini?"

"Maziwa tu."

Alishusha pumzi ndefu, akafunika ndoo. Kisha, huku akimkuna Kidevu chini ya ndevu, aliniuliza kama bwana mifugo alisema lolote kuhusu mbuzi wenye mimba, maana Kidevu alikuwa nayo, changa, na alitaka kujua watoto wakizaliwa tuwaanzishie mlonge wakiwa na umri gani.