Rukaiya Alivyoletwa Ruangwa

Mimi Marselina sina siri, niliosoma nao wanajua. Bubu alikuwa Faudhia. Pale chuo cha ualimu Nachingwea hakuna aliyemsikia akisema zaidi ya "shikamoo" na "asante", na mimi nililala kitanda cha juu yake.

Bweni zima tulikuwa wagonjwa wa Rukaiya, msichana wa hadithi ya gazetini. Kila wiki sehemu moja, mama wa kambo anamtesa huko Dar, sisi tunalia naye. Ikaja mvua ile ya Elnino, mwaka tisini na nane. Pantoni ya Rufiji ikasimama, magari hayaji, gazeti haliji, na Rukaiya tumemwacha amefungiwa stoo. Jamani, tuliteseka!

Jumapili moja nikakuta karatasi juu ya mto wangu. Nasoma: Rukaiya kavunja dirisha, katoka. Nikachungulia chini. Faudhia kajifunika shuka gubigubi.

"Ni wewe?"

Shuka ikatikisika kidogo.

Tangu siku hiyo yeye akawa anaandika, mimi nawasomea wenzangu kwa sauti. Mwenyewe anakaa karibu na mlango, macho chini. Lakini wakicheka pale alipotaka wacheke, ungemwona uso wake! Nilimpenda kuliko ndugu yangu wa tumbo moja.

Halafu akamleta Rukaiya Ruangwa, kwao. Alimwonea huruma. Msichana hana mama, hana shangazi, nani atamfunda? Akamwingiza unyagoni, na akauandika wimbo wa siri wa mle ndani. Ule wenyewe, neno kwa neno. Nilipofika hapo nikaruka mistari, nikamalizia hivyo hivyo. Baadaye nikamvuta pembeni.

"Faudhia, una wazimu? Hii haiandikwi!"

"Kwani humu bwenini nani hajachezwa unyago?"

Ni kweli. Wamwera, Wamakua, Wayao, Wamakonde, sote tulikuwa tumechezwa.

"Ichome," nikasema.

"Nitaichoma."

Hakuichoma. Kesho yake Bashiri wa mwaka wa pili alimkuta bombani anateka maji. Akamwambia, "Dada Faudhia, nasikia unaandika kumshinda huyo wa gazeti. Na mimi naomba nisome." Hakuna mvulana aliyewahi kumwita kwa jina tangu aingie chuo. Mtoto wa watu akampa karatasi zote, na ile ya wimbo ikiwemo.

Tukiwa bwaloni mchana, ugali na maharage mbele yetu, wavulana wakaanza kupiga meza. Wakaimba. Mungu wangu! Wimbo wa wanawake, vinywani mwa wanaume, na Bashiri kapanda juu ya benchi anaongoza huku anacheka. Na alijua anachofanya, yule mshenzi, kwao si wanacheza kama kwetu? Mama mpishi, mtu mzima wa Chiola, aliweka upawa chini, akajifunika kanga usoni, akatoka. Mabinti wote wakageuka kumtazama Faudhia.

Hawakumpiga, maana nilisimama mlangoni na ndoo mkononi. Waliacha tu kumsemesha. Utasema kwa mtu asiyesema kitu, kuna hasara gani? Thubutu! Alikonda mpaka gauni likawa linamvuka mabegani. Gazeti lilipoanza kuja tena, Rukaiya wao akaolewa na daktari, na hakuna aliyeniomba nisome.

Kilichomnyima usingizi kilikuwa kimoja. Likizo ya Juni mdogo wake, Shakila, alikuwa anachezwa, na nyakanga, yaani mkuu wa unyago pale kwao, ni shangazi yao mwenyewe, Bi Sabaha. Dada mkubwa mahali pake ni ndani, karibu na mwali. Na habari za bwaloni zilikuwa zimeshafika Ruangwa.

"Shangazi akinikataa, mimi nitakuwa mtu wa wapi?" aliniuliza.

"Damu nzito kuliko maji. Twende, nakusindikiza."

Tulimkuta Bi Sabaha mlangoni. Faudhia akapiga magoti.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Masomo yanaendaje?"

"Vizuri. Shangazi, nisamehe."

"Nimeshakusamehe." Akanigeukia. "Mgeni, umechezwa?"

"Nimechezwa, mama."

"Pita ndani." Kisha akamshika Faudhia bega, taratibu kabisa. "Wewe kaa hapa nje na watoto. Uwaangalie wasichungulie."

Msichana wa miaka ishirini! Hasira zikanipanda mpaka kichwani. Nikasema basi na mimi nakaa nje, nikajibwaga chini. Bi Sabaha akafunga mlango.

Ngoma zikalia. Wakaanza ule wimbo, na Faudhia, machozi yanamtiririka, akawa anaufuata kwa midomo bila sauti. Mara midomo ikasimama. Akanikamata mkono, kucha zikaniingia.

"Marselina, sikiliza. Wamebadilisha."

Nikasikiliza. Sauti ilikuwa ile ile, mapigo yale yale, lakini maneno yote mapya. Shakila alikuwa anafundishwa wimbo ambao dada yake haujui. Akatega sikio ukutani, akajaribu kushika hata neno moja. Wakaimba kwa chini zaidi.

Mtoto mmoja akamvuta kanga. "Dada, wanasemaje?"

"Sijui," Faudhia akasema.