Mvumo wa Spika za Paje

Kumail alikuwa ameshaipiga teke spika moja hadi wavu wake ukachanika, na mvumo haukwisha. Jioni ile hoteli yake ya Paje ilikuwa na harusi ya wageni, na spika zote za ufukweni zilikuwa zikinguruma kama jenereta lililofungiwa chumbani. Ndipo akampigia simu Saadiya.

Saadiya alikuja na begi la zana kutoka Mjini, ambako ana karakana yake Mkunazini. Kwa miaka mingi amekuwa akifunga spika za misikiti na kumbi za Unguja, ingawa hizi hakuzifunga yeye. Waya wa sauti ulitoka ofisini, ukapita chini ya mchanga kandokando ya ua, hadi banda la ufukweni. Ilikuwa safari ndefu, na katikati waya ulikuwa umejaa viraka vya utepe mweusi.

"Nani anaukata huu?" aliuliza.

"Jirani," alisema Kumail. "Jecha. Yeye na mkewe wanalima mwani, wanakaa hapo nyuma ya ua. Muziki wetu unamkera. Leo akija tena, Mjaka atamfundisha."

Mjaka, mkuu wa walinzi, alisimama karibu yao peku, kifua wazi, rungu mkononi. Alitabasamu.

Saadiya aliingia bandani. Aliuchomoa waya wa sauti, spika zikanyamaza. Akaurudisha, zikanguruma. Viraka vile vilikuwa vibaya, lakini kiungo kibaya hukwaruza na kukatakata sauti. Huu ulikuwa mvumo mmoja, mzito, usiopanda wala kushuka. Ni umeme wa majumbani ulioingia mahali si pake. Waya mrefu ukiunganisha majengo mawili, na kila jengo lina waya wake uliozikwa ardhini, tofauti ndogo ya umeme kati ya majengo hayo hupitia kwenye waya wa sauti. Hutokea kila mara, na dawa yake ni rahisi.

Alitarajia volti moja, labda mbili. Akauchomoa tena waya, akagusisha ncha moja ya kipimo kwenye shaba inayozunguka waya uliotoka ofisini, na nyingine kwenye nguzo ya chuma ya banda. Kipimo kikaonyesha mia na sitini.

Alifuta jasho, akapima tena. Mia na sitini. Akakagua: pampu ya maji ya banda ilikuwa ikivujisha umeme, na waya wa ardhini wa banda ulikuwa umekatika kwa kutu. Kila chuma kilichoungwa na banda lile kilikuwa na umeme: nguzo, mabomba, mfereji wa wageni, lile bomba la kusuuzia chumvi ya bahari.

Hapo akasikia kishindo nje, kisha mtu akilia kwa maumivu.

Mjaka alikuwa amemburuta Jecha kutoka uani kwa kola ya shati. Panga la Jecha lilikuwa limetupwa mbali. Rungu lilimpata begani, akapiga magoti. Likampata mbavuni, akalala.

"Waya wenu umempiga mke wangu," alisema Jecha, mdomo umejaa mchanga. "Mkono wake umekufa. Nilikuja kukwambieni, mkanifukuza."

"Na hili panga ulikuja kutwambia nini nalo?" aliuliza Mjaka.

Rungu likashuka usoni. Jecha alishika jicho kwa viganja viwili, na damu ikapita katikati ya vidole vyake. Mjaka akamkanyaga shingoni.

Saadiya alimkimbilia Kumail, aliyekuwa amesimama kivulini. "Bwana Kumail, mwambie aache. Mtu huyu anasema kweli. Mabomba yako yote yana umeme."

"Nnajua bomba lina kasoro," alijibu Kumail bila kumtazama. "Nshazungushia utepe, wageni hawaligusi. Wewe nshughulikie mvumo."

Saadiya aliutazama utepe mwekundu uliozungushiwa mfereji wa wageni. Kisha akautazama mfereji wa pili, uliotoka bomba hilohilo hadi nje ya ua, wanakosuuzia miguu wanawake wa mwani. Huo haukuwa na utepe.

Rungu lilipanda tena. Saadiya aliichukua stendi ya maikrofoni iliyoegemezwa ukutani, ile yenye kitako kizito cha chuma, akaja kwa nyuma, akampiga Mjaka chini ya sikio kwa nguvu zake zote.

Mjaka alipepesuka. Alirusha mikono atafute pa kushika, akalikamata bomba la wageni, utepe na yote.

Akanasa pale. Meno yake yaligongana, mishipa ya shingo ikasimama, na vidole vikazidi kulikaza bomba kana kwamba alilitaka mwenyewe. Palitoka harufu ya nyama inayoungua.

Saadiya alijua swichi iko wapi. Aliiona kichwani, nyuma ya mlango wa banda. Miguu yake haikwenda. Alisimama na stendi mkononi, akitazama.

"Dada," alisema Jecha pale chini, jicho lake moja likiwa wazi. "Atakufa huyo."

Ndipo akakimbia, akaivuta swichi. Spika zikazima, na Mjaka akaanguka kama gunia.

Hakufa. Hospitali walimkata vidole viwili vya mkono wa kulia. Jecha naye alipoteza jicho. Kituoni, kabla polisi hawajaanza kuandika, Kumail alimvuta Saadiya pembeni. "Tuseme aliteleza. Itakuwa salama kwako na kwangu."

"Nilimpiga mimi," Saadiya alimwambia askari. "Na nilijua bomba lina umeme. Bwana huyu naye alijua, tangu zamani." Akaeleza alivyopima. Hakuacha kitu.

Kabla ya kesi kuitwa alikwenda Paje kumjulia hali Jecha. Amelala, alisema mkewe, Mashavu, akamkaribisha mkekani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani. Alimimina chai kwa ule wa kushoto, polepole, na Saadiya hakuthubutu kumsaidia.

"Nataka kukuuliza," alisema Mashavu. "Ulimpiga aache, au ulimpiga afe?"

"Nilimpiga aache. Lakini nilipoona amenasa, sikukimbia mara moja."

Mashavu aliweka birika chini. Nyuma ya ua hoteli ilikuwa imefungwa, na upepo ulikuwa ukipiga mabati ya banda.

"Mume wangu ndiye aliyekwambia ukimbie," alisema. "Ameniambia. Tuligombana kwa hilo mpaka tukachoka. Mimi ningekwambia usimame hapohapo."

Alimsogezea kikombe.

"Kunywa, inapoa."