Ruta ya Mikono Minne

Mimi na dada yangu tulikuwa tumenuniana siku ya kumi na moja, na meza ya kazi ni moja. Tunafufua ruta, vile visanduku vya kusambaza intaneti, zilizotupwa maofisini: tunafuta programu ya kiwandani, tunaweka programu huria, ile ambayo yeyote ana ruhusa ya kuichukua na kuirekebisha, na ruta iliyochoka inarudi kazini.

Badala ya kuongea tulikuwa tunabandika vipande vya selotepu ya karatasi. "Imepona." "Imekufa." "Usiguse," maana yake hiki hakitoki dukani. Mteja akiingia, kila mmoja alimchangamkia kana kwamba mwenzake ni kabati.

Chanzo kilikuwa ruta ya maktaba. Toleo la kwanza na la pili la ruta hiyo yanafanana kama mapacha, tofauti iko kwenye lebo ya chini, kwa herufi ndogo mno. Miwani ninayo, ila inanizeesha. Nikaitia programu ya toleo la pili, kumbe ni la kwanza, ikazima jumla. Nikamsingizia dada kwamba yeye ndiye aliyenisomea lebo. Alinitazama, akaenda kutafuta kazi duka jingine na akaipata. Kwenye kiti chake, alichokuja nacho toka nyumbani, akabandika siku ya kuondoka: "Jumatatu."

Nilitaka abaki. Roho iliniuma kila nikikiona kile kiti, lakini kuomba radhi mdomo ulikuwa mzito.

Ijumaa mkutubi alituma ujumbe kwamba angeifuata ruta yake saa kumi. Kuifufua kuna njia moja tu. Mmoja abonyeze kitufe cha ndani kwa sindano sekunde thelathini bila kuachia. Mwingine achomoe waya wa umeme sekunde ya kumi, aurudishe ya ishirini, na ikifika thelathini atume programu sahihi kutoka kwenye kompyuta. Dada akashika ruta na sindano. Siku zote hizo za kununa alikuwa akinihesabia sekunde kwa vidole, na sasa vidole vyote vilikuwa na kazi.

"Moja," akasema, uso kaugeuzia ukutani.

Sijawahi kufurahia namba kiasi kile. Alifika thelathini, nikatuma, taa haikuwaka. Tukarudia, haikuwaka. Mara ya tatu, alipofika kumi na tano, nikashindwa kujizuia.

"Dada, lebo niliisoma mwenyewe. Bila miwani."

"Kumi na sita. Najua. Kumi na saba. Nilikuwa nangoja useme. Kumi na nane."

Nusura nisahau kurudisha umeme. Thelathini ilipofika nikatuma, na taa ya kijani ikaanza kupepesa. Nililia, sifichi.

Dada alibandua selotepu ya kiti, akaikunja, akaandika nyingine na kuibandika palepale. Aliiandika kwa herufi ndogo makusudi, akasimama kando kunisubiri. Ilibidi nivae miwani.

"Usiguse."