Mchuzi wa Siku Hamsini

Ilze alikuna nazi mpaka kifuu kikakwaruza meno ya mbuzi, na bado mkono wake ukaendelea. Mama mkwe wake, Bi Mwanaidi, alikitoa kifuu mkononi mwake, kama anayemvua mtoto kiatu kilicholowa.

Ilikuwa siku ya hamsini ya eda. Twalib, mumewe, aliondoka kwa homa ya siku tatu, na tangu hapo moyo wa Ilze ulikufa ganzi kama mguu uliokaliwa: unaubonyeza, unahisi umebonyeza wa jirani. Hakulia mazikoni, hakulia arobaini. Kilwa Masoko ilimngoja alie, ikachoka, ikarudi kwenye shughuli zake. Kutoka kwao Latvia walipiga simu kuuliza kama anarudi. Kurudi na kubaki vilimfikia masikioni kwa sauti ileile. Aliomba kitu kimoja tu, jiko aachiwe yeye. Akaachiwa.

Twalib ndiye aliyemfundisha jiko, na matunda. Kila Ijumaa alirudi na tunda asilolijua Ilze, amelificha nyuma ya kanzu. "Onja kwanza, jina baadaye." Ndivyo alivyokutana na stafeli, akaogopa miiba yake, bungo, lililomkunja uso, na furu, lililomtia wino meno. Bibo alimwahidi msimu ukifika. Msimu ulifika, mwahidi hakufika.

Alasiri hiyo akaingia Zuwena, binti wa mjomba wake Twalib, na ndoo ya mabibo. Zuwena alikuwa mtani, na mtani hafungwi mdomo na msiba: siku ya maziko alikaa mlangoni akalizuia jeneza, eti mumewe hajamuaga.

"Mke mwenzangu," alisema, "mume wetu alikuahidi hili. Kula, kabla hajaja kuniuliza mimi. Nalala peke yangu, naogopa."

Ilze akachukua moja, jekundu, korosho mbichi ikining'inia kitakoni kama figo. Kila tunda lilikuwa na namna yake ya kuliwa, na wa kumwambia namna ya hili hakuwepo. Akaanza na figo.

Zuwena alimpiga kofi mkononi, lakini ganda lilikwishapasuka. Mafuta yake yakamchoma midomo na ncha ya ulimi. Wakamsukutulisha maji, wakampaka mafuta ya nazi.

"Hata mbuzi wa kwetu hagusi ganda hilo," Zuwena alisema, akicheka huku akizidi kumpaka.

Ilze hakucheka. Mdomo ulimuuma, hapa na hapa, kwa mipaka inayojulikana. Alishangaa kama mtu aliyesikia hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Siku ya tatu, uvimbe ulipopungua, alionja mchuzi kabla ya kupakua. Hakukumbuka lini alionja mara ya mwisho. Akaonja tena.

"Mama, mchuzi huu hauna chumvi."

Bi Mwanaidi alikuwa akitandika mkeka. "Hauna."

"Na jana?"

"Haukuwa nayo."

Ilze akamgeukia Zuwena, aliyekula hapo kila mchana; Zuwena aliyemtania Kiswahili chake, pua yake, namna anavyochuchumaa kama ngamia. Zuwena alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu kana kwamba vimeota leo.

Bi Mwanaidi akalisogeza kopo la chumvi. "Tia mwenyewe, mwanangu."

Ilze akachota. Mkono ukamponyoka, chumvi ikazidi. Wakala hivyohivyo.

"Mke mwenzangu," Zuwena akasema baada ya matonge mawili, "sasa umetupikia bahari."

Chumvi ilikuwa imevikuta vidonda vya midomo, na macho ya Ilze yalijaa. Simu ya kutoka kwao ikaanza kulia chumbani. Bi Mwanaidi akamtazama.

"Bado nakula, Mama," alisema Ilze, akakata tonge lingine.