Kishungi cha Monsinyori

Esteri wa Kumsenga hakumfuga jogoo wake kwa ajili ya mchuzi. Alimfuga ili amwangalie tu, basi. Jogoo mwenyewe alikuwa na kishungi kikubwa cheupe kilichomfunika mpaka macho, akawa anatembea kwa madaha huku akigonga ndoo na masufuria. Esteri alimwita Monsinyori, kama padre mwenye cheo, na kila asubuhi kabla hata ya chai alimpangusa manyoya kwa kitambaa chenye maji. Majirani walimcheka mpaka wakachoka. Shauri yao.

Jumamosi moja wakaja wakwe kutoka Kibondo kumposa binti yake, Chantal, wakiongozwa na baba wa kijana, mzee Hatungimana. Pale kijijini mgeni wa heshima huonyeshwa kuku angali hai. Akishamshika mgongo, kuku ni wake. Chantal akatumwa nyuma ya nyumba kumkamata jogoo mwingine, mwekundu, wa kuwapa wageni. Jogoo mwekundu akamtoroka. Wakati huohuo Monsinyori, asiyeona mbele wala kando, akajiingilia sebuleni, akajigonga kwenye goti la mzee Hatungimana na kusimama hapohapo.

Mzee akamshika mgongo kwa mikono miwili. "Mama Chantal! Kuku mzuri namna hii, kwa ajili yetu? Mmetuheshimu kweli."

Kumnyima mkwe kuku aliyekwisha kumshika ni kumfukuza, na posa ya Chantal ingeondoka naye. Kunyamaza nako ni kumla Monsinyori kwa ugali.

"Mkwe wangu, nisamehe," Esteri akasema. "Huyo ni wako, sikunyang'anyi. Ila nampenda mno. Nakuomba usimchinje."

Watu wakatazamana. Mzee akamgeuza Monsinyori huku na huku, akampuliza kishungi hadi jicho moja likaonekana.

"Basi tutakula maharage," akasema. "Lakini kuku aliyeshikwa harudi bandani, nawe unajua. Nitaondoka naye mzima. Atakaa kwetu pamoja na binti yako."

Vigelegele vikapigwa. Esteri akaangua kilio, na wanawake wakamzunguka kumbembeleza: uchungu wa mwana jamani, mama gani asiyeujua! Esteri akawaacha waamini hivyo.

Chantal hakudanganyika. Akamwinamia sikioni. "Mama, unamlilia nani?"

"Wote wawili," Esteri akasema, akijifuta machozi kwa kanga. "Nani zaidi, usiniulize leo."