Cheti cha Hamisi Selemani

"Wewe unafanya kazi kwa ajili ya nini?"

Gaspari aliinua macho. Ndani ya jaruba, bwawa la kukaushia chumvi, maji yalikuwa yamemfika katikati ya miundi, na mbele yake, juu ya tuta, alisimama Bwana Josephu wa utumishi, viatu vinang'aa, karatasi mkononi.

"Kwa ajili ya chumvi," alijibu.

Wenzake wakaangua kicheko. Bwana Josephu hakucheka. Alikuwa ametoka kozi ya miezi mitatu Dar es Salaam, na mtu aliyetoka kozi hacheki ovyo. Asubuhi ile alikuwa amewakusanya wote ghalani akawachorea ubaoni kitu kama kichuguu. Chini kabisa aliandika chakula. Juu yake, usalama. Kisha kupendwa na wenzako, na juu kabisa, heshima. Mtu, alisema, hapandi kidato cha juu kabla hajakikanyaga cha chini. Binadamu wote ndivyo walivyo. Omari, mkokotaji wa jaruba la pili, aliuliza kama na wanawake wamo, maana mkewe yeye hudai heshima hata kabla hajabandika sufuria.

Kilichomleta Bwana Josephu matutani ni daftari. Daftari lilisema kwamba kwa misimu minne mfululizo jaruba la Hamisi Selemani limetoa chumvi nyeupe kuliko majaruba yote ya kampuni. Na huyo Hamisi Selemani, kwa mujibu wa daftari, ndiye aliyekuwa amesimama majini pale.

Weupe ule haukuwa uchawi. Ukikokota chumvi kwa pupa, reki ya mbao hukwangua na matope ya chini. Gaspari alikuwa akiacha tabaka jembamba, unene wa ukucha, asiliguse kabisa. Chumvi aliyoiacha iliilinda ile aliyoichukua. Hakuna aliyemfundisha, na hakuna aliyemlipa zaidi. Aliona vibaya tu kupeleka ghalani chumvi chafu.

Lile jina lilikuja hivi. Mwaka wa sitini na tano alivuka Ruvuma pamoja na mkewe Francisca, mtoto mgongoni, wakikimbia vita kwao Msumbiji. Jamaa zao wa Mahurunga wakawapokea. Kwenye mashamba ya chumvi, upande wa Madimba, kibarua mmoja aitwaye Hamisi Selemani alikuwa ameaga kwenda Kilwa kumzika shangazi yake, asirudi tena. Kadi yake ilibaki kwa nyapara, mzee Shabani, mtu asiyependa kusumbuka.

"Kuandikisha mtu mpya ni mpaka Mtwara mjini," alimwambia Gaspari, "na kadi hii hapa. Kuanzia leo wewe Hamisi."

Gaspari akabonyeza dole gumba. Njaa haichagui jina.

Basi akaishi hivyo. Siku za Iddi kampuni ilimpumzisha, akashinda kibarazani anatazama kuku. Krismasi alikuwa matopeni akiziba matuta. Shabani alipostaafu akaja nyapara mwingine, mcha Mungu, ambaye kila Ijumaa saa sita alimhimiza aende msikitini. Gaspari alikwenda kukaa nyuma ya ghala mpaka wenzake warudi. Ramadhani tisa alikula mihogo yake kwa kujificha, kama mwizi. Wenzake walijua, wakanyamaza, kwa sababu riziki ya mtu haichezewi.

"Hamisi, swaumu inakwendaje?" Omari alikuwa akimchokoza.

"Inanikaba, ndugu yangu."

Angeweza kuzeeka hivyo hivyo. Lakini mwaka ule wa sabini na nne watu wazima wote walikuwa wakihimizwa kwenda kwenye kisomo, na kila alasiri Gaspari alikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu, darasani kwa Mwalimu Sharifa. Mwalimu aliwaambia kila mtu aanze na jina lake. Siku alipoliona ubaoni, GASPARI, kwa chaki, kwa mkono wake mwenyewe, aliona haya. Kisha alifurahi mno. Badala ya kwenda nyumbani alikizunguka kijiji mara mbili, peke yake, asijue anatafuta nini.

Wiki mbili baadaye ndipo Bwana Josephu alipokuja na karatasi yake.

"Jumamosi tunafunga msimu," alisema. "Wewe ndiye mfanyakazi bora. Utapata cheti, utakuwa nyapara msaidizi, utahamia nyumba ya bati. Dole gumba basi tena, utatia sahihi mbele ya Meneja. Si umeshajua kuandika?"

"Najua kidogo."

Jioni alimweleza mkewe. Francisca alikuwa anamenya muhogo.

"Utaandika Hamisi," alisema. "Kwani ni kazi gani?"

"Cheti hicho kitakuwa cha Hamisi."

"Na nyumba itakuwa yetu! Baba Esperanca, jina utalipika na nini? Miaka tisa makuti yanatuvujia. Wakikufukuza twende wapi? Turudi ng'ambo tukapigwe mabomu?"

"Mama, wakisema chumvi ya fulani ni nyeupe, huyo fulani nani?"

"Wewe! Najua mimi, anajua Mungu, wanajua wote kule chumvini."

"Karatasi haijui."

Francisca alikitupa kisu kwenye ungo. "Karatasi!" Akajifuta mikono kwenye kanga. Aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka. "Naogopa, mwenzangu."

"Na mimi naogopa," Gaspari alisema. Ilikuwa kweli. Usiku ule wote wawili walisikia jogoo wa kwanza.

Jumamosi watu walijipanga mbele ya ghala. Meneja alisoma kwa sauti nzuri, "Hamisi Selemani!" Makofi yakapigwa. Gaspari alikwenda mpaka mezani, akapewa kalamu, akaonyeshwa mstari. Aliandika polepole, ulimi nje, herufi moja moja, na Bwana Josephu aliyekuwa akichungulia begani akaanza kukunja uso.

"Umeandika nini hapa?"

"Jina langu."

"Hamisi je?"

"Alikwenda Kilwa kuzika, ndugu. Hajarudi."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kwa pamoja. Gaspari akaeleza yote, kwa maneno machache, bila kumtaja mzee Shabani kwa ubaya. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sasa unataka nifanye nini? Hamisi siwezi kumpa cheti, hayupo. Na Gaspari, kwa karatasi zilizopo, hajafanya kazi hapa hata siku moja."

Cheti kikarudi kwenye bahasha. Akiba ya miaka tisa iliyokatwa mshaharani itamngoja Hamisi Selemani, siku atakapokuja kuidai. Kwa huruma ya Meneja, Gaspari aliruhusiwa kuanza Jumatatu, kibarua mpya, mshahara wa kuanzia. Unyapara msaidizi alipewa Omari, na nyumba ya bati pia. Omari aliupokea ufunguo bila kuinua macho.

Bwana Josephu alimfuata Gaspari mpaka njiani, anahema. "Ulikuwa umeshapata kila kitu! Ungenyamaza tu. Ulikuwa unataka nini wewe?"

Gaspari alifikiri kwa makini, kwa kuwa lilikuwa swali la adabu. Kisha akashika njia ya nyumbani.

Jumapili Francisca alipika, akapakua, akamwekea. Alilia alipokuwa kisimani, mahali ambapo hangeonekana. Jumatatu alfajiri alimfungia mihogo miwili kwenye kitambaa, akampa mkononi.

Mawingu meusi yalikuwa yameanza kukusanyika. Vibarua walisimama na majembe, tayari kuziba matuta kabla ya mvua. Omari alisimama juu, daftari jipya mkononi, akaita majina, na kila aliyeitwa aliitika akashuka matopeni.

"Gaspari Alfredo."

Gaspari alikuwa anatazama majaruba, anangoja, kama wengine, ajitokeze huyo aliyeitwa.

"Gaspari," Omari aliita tena, polepole.

Mtu akamgusa kiwiko. Gaspari akashtuka, akaangalia huku na huku.

"Nipo," alisema.